Kura ya Ubunge Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Siku ya uchaguzi mkuu mpigakura wa huku Kusini anapewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Maswali mengi yanayotufikia ni ya hiyo ya katikati. Rais anajulikana, diwani unakutana naye sokoni, ila ubunge una mambo ndani yake: nani anahesabiwa mshindi, viti maalumu vinatoka wapi, Waziri Mkuu anapatikanaje, mbunge akihama chama kiti kinabaki cha nani. Tumejibu kwa mifano ya huku huku kila ilipowezekana. Haikuwa kazi ngumu, maana mikoa hii miwili imeshapitia karibu kila kituko ambacho sheria ya uchaguzi inakijua.

Ili mtu awe mbunge, lazima apate zaidi ya nusu ya kura?

Hapana. Anayeongoza ndiye mshindi, hata kwa kura moja. Tuseme jimbo limepiga kura halali 40,000, wa kwanza akapata 16,000, wa pili 14,000 na wa tatu 10,000. Wa kwanza anakwenda Dodoma, ingawa watu 24,000 hawakumtaka. Hakuna duru ya pili. Tulirithi utaratibu huu kwa Waingereza, na kwao bado unatumika.

Hata Rais siku hizi anapatikana hivyo hivyo. Zamani Katiba ilimtaka avuke nusu ya kura halali. Sharti hilo liliondolewa kwa mabadiliko ya mwaka 2000, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye kabla ya kuingia Ikulu alikuwa mbunge wa Nanyumbu.

Basi wapinzani wakiwa wengi jimboni wanamsaidia nani?

Wanamsaidia aliye mbele. Angalia tena mfano wa juu: wa pili na wa tatu wangekuwa mtu mmoja, wangeshinda kwa mbali. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa muungano wa UKAWA mwaka 2015, pale vyama vya CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walipojaribu kuachiana majimbo. Mahali pengine walielewana, pengine walishindwana mpaka dakika ya mwisho. Huku Kusini matunda yalionekana. CUF ilipata majimbo sita: Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. Kwa Bara nzima CUF ilipata majimbo kumi, kwa hiyo zaidi ya nusu yalitoka kwetu.

Ni kweli pia kwamba hasira za mwaka 2013, za gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, zilikuwa hazijapoa. Muungano peke yake haushindi uchaguzi.

Nikimpigia mgombea ambaye najua atashindwa, kura yangu si imepotea?

Hili ndilo swali linalojibiwa vibaya kuliko yote, hata na watu waliosoma. Kwenye kiti cha jimbo, ndiyo, kura ya aliyeshindwa haimpi kitu. Lakini kura ya ubunge inahesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni jimboni, kumpata mbunge. Mara ya pili ni kitaifa: kura zote halali za ubunge walizopata wagombea wa kila chama, kuanzia Newala mpaka Bukoba, walioshinda na walioshindwa, zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayogawa viti maalumu vya wanawake.

Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Chama kinachoingia kwenye mgao ni kile kilichopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchi nzima. Kisha vyama vilivyovuka mstari huo vinagawana viti kulingana na wingi wa kura zao.

Tufanye hesabu ya kubuni. Kura halali za ubunge nchi nzima ni milioni 10 na viti maalumu ni 110. Chama cha kwanza kina kura milioni 7, cha pili milioni 2.6, cha tatu laki 4. Cha tatu kina asilimia 4, kwa hiyo kinatoka kapa. Viwili vilivyobaki vina jumla ya milioni 9.6, cha kwanza kinachukua viti kama 80 na cha pili kama 30. Umeona? Hatujauliza hata mara moja nani alishinda jimbo gani.

Sasa tuache kubuni. Mwaka 2020, katika majimbo yote ya Tanzania Bara, wapinzani walishinda mawili tu: Nkasi Kaskazini, alikoshinda Aida Khenani wa CHADEMA, na Mtwara Vijijini, alikoshinda Shamsia Mtamba wa CUF. Jimbo moja kwa moja, sare. Viti maalumu vilipogawanywa, CCM ilipata 94, CHADEMA 19. CUF haikupata hata kimoja. Wana Mtwara Vijijini walimchagua mbunge wao kwa haki kabisa, lakini kura za chama hicho nchi nzima hazikufika asilimia 5. Kule CHADEMA, wagombea walioshindwa majimboni, kila mmoja na kura zake chache, ndio waliozaa viti 19.

Kwa hiyo mtu anayekwambia kwenye foleni "usiharibu kura yako kwa huyo, hashindi" amekupa nusu ya habari.

Hao wa viti maalumu anawachagua nani? Mbona hatukuwaona kwenye karatasi?

Majina yanatoka kwenye orodha ambayo kila chama kinaipeleka Tume ya Uchaguzi. Chama kinapanga majina kwa utaratibu wake wa ndani, Tume inateua kwa kufuata orodha. Wewe unachangia idadi ya viti, chama kinachagua sura. Kama hupendi mpangilio huo hauko peke yako, lakini pa kuupinga ni ndani ya vyama na kwenye mjadala wa Katiba, kituoni hapawezekani.

Wanasema lazima mafiga yawe matatu. Nikichanganya vyama kura inaharibika?

Haiharibiki. "Mafiga matatu" ni maneno ya kampeni: Rais, mbunge na diwani wote wa chama kimoja, eti chungu kisianguke. Sheria haina habari na mafiga. Kila karatasi inahesabiwa peke yake, katika sanduku lake. Unaweza kumpa Rais wa chama hiki, mbunge wa kile, diwani wa kingine, na zote zikawa halali. Unaweza hata kuiacha karatasi moja bila alama. Hiyo moja haitahesabiwa kwa mtu yeyote, mbili zilizobaki ziko palepale.

Jimbo langu ni lipi? Naishi mpakani mwa halmashauri mbili.

Jimbo lako ni la kituo ulichojiandikishia, soma kwenye kadi. Mtwara ina majimbo kumi: Mtwara Mjini, Mtwara Vijijini, Nanyamba, Tandahimba, Newala Mjini, Newala Vijijini, Masasi Mjini, Ndanda, Lulindi na Nanyumbu. Lindi ina manane: Lindi Mjini, Mchinga, Mtama, Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Kilwa Kaskazini na Kilwa Kusini. Kwa uchaguzi wa 2025 Tume iliongeza majimbo mapya manane nchini na jumla ikafika 272, ila hakuna jipya lililoangukia kwetu.

Nilijiandikisha kwa mwenyekiti wa kijiji. Si inatosha?

Haitoshi, na kila uchaguzi watu wanarudishwa kituoni kwa kosa hili. Ulichojiandikisha kijijini ni orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ule wa mwenyekiti wa kijiji, mtaa na kitongoji. Uchaguzi huo unasimamiwa na TAMISEMI na hufanyika mwaka mmoja kabla. Wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Kura ya mbunge inatumia Daftari la Kudumu la Wapigakura, lililo chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Huko unapigwa picha, unachukuliwa alama za vidole na unapewa kadi. Huna kadi ya Tume na jina lako halimo kwenye Daftari, basi siku hiyo utakuwa mtazamaji.

Anayeruhusiwa kujiandikisha ni raia wa Tanzania mwenye miaka 18, au atakayeifikisha siku ya uchaguzi ikifika.

Mimi ni mvuvi, nahamahama dago. Na mke wangu msimu wa korosho anakuwa Tandahimba. Tutapigia wapi?

Palipoandikwa jina. Ukijiandikishia Kilwa, mbunge wako ni wa Kilwa, hata kama mwezi huo nyavu zako ziko Msimbati. Kinachowezekana ni kuhamisha taarifa wakati Daftari linapoboreshwa, kwenda kituo cha karibu na ulipo na kuomba uandikwe huko. Siku ya kura yenyewe hakuna kuhama.

Tatizo la korosho ni la kweli, na watu wa mikoa mingine hawalielewi. Uchaguzi mkuu umekuwa ukiangukia mwishoni mwa Oktoba: 25 mwaka 2015, 28 mwaka 2020, 29 mwaka 2025. Hiyo ndiyo wiki ambayo korosho zinaokotwa, minada imeshaanza, maghala yana foleni, na nusu ya vijana wako kwenye shamba la mjomba wilaya nyingine. Kama unajua Oktoba unakuwa Newala kila mwaka, jiandikishe Newala. Kujiandikisha mjini kwa sababu ya fahari na kisha kuwa shambani siku ya kura ni sawa na kutojiandikisha.

Kadi imepotea. Au: kadi ililiwa na panya.

Yote mawili tumeulizwa. Kama muda wa kuboresha Daftari bado, nenda ukachukue nyingine. Kama umepita, usikate tamaa: katika chaguzi za karibuni Tume imeruhusu mtu ambaye jina lake limo kwenye Daftari atumie kitambulisho cha NIDA, pasipoti au leseni ya udereva, mradi majina yafanane. Hapo kwenye kufanana ndipo penye kazi. Salumu wa kadi na Salum wa NIDA wanaweza kukuchelewesha asubuhi nzima.

Bibi yangu haoni vizuri na hajui kusoma. Anaruhusiwa kuingia na mtu?

Anaruhusiwa, tena aje na mtu anayemwamini yeye mwenyewe. Msaidizi huyo asiwe wakala wa chama wala msimamizi wa kituo. Kwa asiyeona anayejua nukta nundu, kituo kinatakiwa kuwa na kifaa cha kuwekea karatasi ili ajipigie mwenyewe. Wazee, wajawazito, wagonjwa, wenye ulemavu na akina mama wenye watoto wachanga hawapangi foleni. Watangulie mbele bila kuona haya.

Na kwa mjukuu: ukishaingia na bibi, mchagulie anayemtaka yeye. Tunajua mnavyofanya.

Alama inawekwaje?

Weka alama ya vema kwenye kisanduku cha mgombea mmoja. Picha yake na nembo ya chama zipo, kwa hiyo hata asiyesoma anamwona mtu wake. Kura inakuwa batili ukiweka alama kwa wagombea wawili, ukiacha karatasi tupu, au ukiandika jina lako au kitu chochote kitakachokutambulisha. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie msimamizi, utapewa nyingine. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, lakini aliyekuwa ameshafika kwenye foleni saa kumi lazima apige kura.

Kwa nini kwenye karatasi yetu ya 2025 hatukuona CHADEMA?

Vyama vinatakiwa kusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi kabla ya kusimamisha wagombea. Aprili 2025 CHADEMA haikusaini, ikidai mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi kwanza, na Tume ikasema haitashiriki. Kwa hiyo haikuwa na mgombea popote, kuanzia Rais hadi diwani. Machafuko yaliyotokea siku ya kura ya Oktoba 29 na siku zilizofuata yanastahili zaidi ya aya moja, na ukurasa huu ni wa utaratibu wa kura.

Mgombea akibaki mmoja tu, anapita?

Zamani alipita. Mwaka 2020 "kupita bila kupingwa" lilikuwa neno la kila siku, na aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliupata ubunge wa Ruangwa kwa njia hiyo. Wana Ruangwa wakapiga kura ya Rais tu na ya madiwani kwenye kata zilizokuwa na wapinzani. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imebadilisha jambo hilo: mgombea pekee naye anapigiwa kura, ya kumkubali au kumkataa, na anatakiwa avuke nusu ya kura halali. Ajabu iliyoje: aliye peke yake anadaiwa zaidi ya nusu, mwenye wapinzani watano anashinda hata kwa robo.

Mgombea akifariki kabla ya siku ya kura?

Uchaguzi wa ubunge wa jimbo hilo unaahirishwa ili chama kilichofiwa kipate mgombea mwingine. Kura ya Rais inaendelea kama kawaida. Masasi wanalijua hili. Oktoba 15, 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi, alifariki Dk. Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD na mmoja wa viongozi wa UKAWA, aliyekuwa anagombea ubunge huko. Majimbo mengi nchini yakapata wabunge wao, Masasi Mjini ikasubiri mpaka Desemba.

Naweza kugombea bila chama?

Bado. Katiba inataka mgombea ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama, awe na miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi miaka mingi. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge kuamua, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi. Katiba yetu haijabadilishwa.

Tukimchagua mbunge ndiyo tumemchagua Waziri Mkuu?

Kule Uingereza au India, kwa kiasi kikubwa, ndiyo: mwananchi anachagua mbunge wa jimbo lake, na kiongozi wa chama chenye wabunge wengi anakuwa Waziri Mkuu na kuongoza serikali. Hakuna karatasi nyingine ya kumchagua mkuu wa serikali. Sisi tumechanganya. Rais tunampigia kura wenyewe, na ndiye mkuu wa nchi na wa serikali. Waziri Mkuu anateuliwa na Rais ndani ya siku 14 baada ya Rais kushika madaraka, kisha jina linakwenda bungeni na lazima liungwe mkono na wabunge walio wengi.

Ila kuna sharti ambalo watu hulisahau: lazima awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi. Wa viti maalumu hafai, wa kuteuliwa hafai. Ndiyo maana Majaliwa asingeweza kuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi 2025 bila kuwa kwanza mbunge wa Ruangwa. Aliyemfuata Novemba 2025, Dk. Mwigulu Nchemba, naye ni mbunge wa jimbo kule Iramba, Singida. Bunge linaweza pia kumwondoa Waziri Mkuu kwa kura ya kutokuwa na imani naye.

Jamaa zetu ng'ambo ya Ruvuma wanasema wao hawana mbunge wa jimbo. Inawezekanaje?

Wanasema kweli. Msumbiji wanapiga kura ya bunge kwa chama, hawampigii mtu. Mkoa mzima, tuseme Cabo Delgado, ni jimbo moja lenye viti vingi. Kila chama kinaweka orodha ya majina, na viti vinagawanywa kulingana na kura za kila chama mkoani humo. Bunge lao lina viti 250. Rais wao wanampigia karatasi ya peke yake, na huyo lazima avuke nusu, vinginevyo warudie.

Upi bora? Mmakonde wa Mueda ana uhakika kwamba chama chake kikipata sehemu ya tano ya kura za mkoa kitapata karibu sehemu ya tano ya viti. Mmakonde wa Newala hana uhakika huo, lakini anajua jina la mtu wa kumuuliza habari ya maji. Kwa maoni yetu, nchi inaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na viti maalumu vinaonyesha kwamba nusu ya njia tumeshaitembea bila kuitangaza.

Angalizo kwa walioko mpakani: aliye raia wa Msumbiji hapigi kura huku, hata kama bibi yake ni wa Kitaya. Kinachotazamwa ni uraia, kabila halimo.

Wabunge wa kuteuliwa ni akina nani?

Rais anaruhusiwa kuteua hadi kumi. Watano wengine wanatoka Baraza la Wawakilishi Zanzibar, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaingia kwa cheo chake. Mfano wa karibu ni Mama Salma Kikwete: aliteuliwa na Rais John Magufuli mwaka 2017, kisha 2020 akaingia kwa mlango wa jimbo, Mchinga.

Mbunge wetu akihama chama, kiti anaondoka nacho?

Hapana, akiacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge unakoma na jimbo linarudi kwenye uchaguzi mdogo. Liwale walishuhudia: Zuberi Kuchauka alichaguliwa 2015 kwa tiketi ya CUF, akajiondoa na kwenda CCM, uchaguzi mdogo ukaitishwa Oktoba 2018, akagombea tena kwa CCM na kushinda. Mtu yuleyule, jimbo lilelile, gharama mara mbili.

Kama Bunge limebakiza chini ya miezi 12 kuvunjwa, uchaguzi mdogo haufanyiki. Ndanda ikaangukia hapo. Februari 2020 Cecil Mwambe alitangaza kuondoka CHADEMA na kujiunga na CCM. Baadaye mwaka huohuo Spika Job Ndugai akamruhusu kurudi kwenye kiti chake, na wanasheria wakabishana sana. Nao wale 19 wa viti maalumu wa CHADEMA walivuliwa uanachama na chama chao Novemba 2020, wakaendelea kukaa bungeni huku rufaa na kesi zikisonga. Kwa hiyo sheria imenyooka kwenye karatasi; kwenye utekelezaji imepinda hapa na pale.

Kura zinahesabiwa wapi, na kwa nini tunaambiwa tukapumzike nyumbani?

Zinahesabiwa palepale kituoni baada ya kufunga, mbele ya mawakala wa vyama. Matokeo yanajazwa kwenye fomu, mawakala wanapewa nakala, na nakala nyingine inabandikwa kituoni ili kila mtu aisome. Kisha fomu za vituo vyote zinakwenda kujumlishwa jimboni, na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo ndiye anayemtangaza mbunge. Matokeo ya Rais yanatangazwa na Tume yenyewe.

Habari ya kukaa mita 200 kutoka kituoni "kulinda kura" ilifika Mahakama Kuu Oktoba 2015, na uamuzi haukuwapendeza waliotaka kubaki. Ukweli ni kwamba mlinzi wa kura ni wakala aliye ndani. Chama kisichokuwa na wakala kituo fulani hakina nakala, na kisichokuwa na nakala kitabaki na manung'uniko. Asubuhi yake pita kituoni, soma karatasi ukutani, ipige picha. Hiyo inaruhusiwa na inasaidia kuliko kulala nje.

Matokeo yakiwa na mashaka?

Ya ubunge yanapingwa Mahakama Kuu, ndani ya siku 30 tangu yatangazwe. Kwa mikoa yetu miwili ni Kanda ya Mtwara. Mlalamikaji anaweka dhamana ya gharama, na hapo wengi huishia. Ya Rais, yakishatangazwa na Tume, Katiba inasema hakuna mahakama itakayoyachunguza.

Kama mbunge ana nguvu hivyo, kwa nini hakuzuia ushuru wa korosho kuondoka?

Walijaribu. Kabla ya 2018, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ilikuwa inarudi kuendeleza zao, pamoja na pembejeo. Juni 2018, kwenye muswada wa Sheria ya Fedha, serikali ikataka ushuru wote uingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama wa CCM na wa upinzani kwa pamoja, jambo lisiloonekana mara nyingi. Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini wakati huo na mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alikuwa miongoni mwa waliosema kwa ukali. Kura ikapigwa, muswada ukapita.

Piga hesabu. Mtwara na Lindi zina majimbo 18. Bunge lilikuwa na wabunge zaidi ya 350. Hata wote 18 wangekuwa kitu kimoja, wanahitaji wenzao wa pamba, wa kahawa na wa tumbaku, na mbunge wa chama tawala anayekwenda kinyume na serikali yake anajua kwamba jina lake la uchaguzi ujao linapitia kwenye kamati za chama. Kwa hiyo unapomsikiliza mgombea, pamoja na kumuuliza barabara, muulize atapigaje kura siku chama chake na korosho vikigongana. Jibu atakalotoa, au atakavyokwepa, litakusaidia zaidi ya ahadi ya zahanati.

Mgombea akigawa kanga, nikapokea, ni lazima nimpigie?

Si lazima, na hawezi kujua. Kura ni siri. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, iliwahi kuruhusiwa na sheria, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, na tangu 2010 kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Anayegawa ana kosa, na anayepokea kwa ahadi ya kura naye ana kosa. Kibaya zaidi ni kuuza kadi au kuandikisha namba yake kwa mtu wa kampeni. Kadi ni yako, usimwachie balozi akutunzie.

Mzee wangu anasema zamani walichagua jembe au nyumba. Ni kweli?

Kweli tupu. Wakati wa chama kimoja, kuanzia uchaguzi wa 1965, jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, ili wasiojua kusoma waweze kuchagua. Wapo waliosema jembe lina bahati vijijini. Vyama vingi vilirudi 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama hivyo ukawa 1995.

Uchaguzi ujao ni lini, na nifanye nini sasa?

Bunge lina miaka mitano, kwa hiyo uchaguzi mkuu unaofuata ni 2030. Katikati hapo Daftari linatakiwa kuboreshwa mara mbili, na tangazo hupita redioni na kwenye ofisi ya kata. Likipita, nenda na kadi yako hata kama hujahama: hakiki jina, hakiki kituo, na kama kuna ndugu aliyefariki toa taarifa aondolewe. Vijana waliokuwa na miaka 13 mwaka 2025 watakuwa na 18 wakati huo, kwa hiyo wapelekeni.